Mzee kwa Magoti, Kijana kwa Watu wa Kodi

Mke wangu alianza kuniita kijana mwezi wa kwanza mwaka jana, siku alipopata mshahara wake wa kwanza tangu awe mzee rasmi.

Ngoja nieleze hapo, maana hata mimi nilielezwa mara nyingi ndiyo nikaelewa, na shule yangu iliishia kidato cha pili, tena hicho cha pili chenyewe sikukifikisha mwisho. Hapa Sweden kila mwenye kipato anakatwa kodi, na anakatwa kweli, hawana utani. Lakini ukiwa umetimiza miaka sitini na sita kabla mwaka haujaanza, wanakulegezea. Kwanza, fungu kubwa zaidi la kipato chako haliguswi kabisa. Pili, kama bado unafanya kazi, wanakupunguzia tena juu ya hapo, nadhani ni asante ya kutokukaa nyumbani ukalalamika. Na kama umeshaingia kwenye pensheni na hali yako ni ya chini, kuna hadi posho ya kukusaidia pango la nyumba. Neno lao la huo unafuu wa kodi ni refu kama treni ya mizigo. Mimi naliita tu heshima kwa wazee.

Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Jakobsberg, kazi ya kuitwa: wakipungukiwa mtu wanampigia, anavaa koti anaenda. Mwezi ule alikuwa amefanya kazi ileile aliyoizoea, lakini hela iliyofika mkononi ilikuwa imenenepa. Akachukua ile karatasi ya mshahara akaiweka juu ya sahani yangu ya chakula, kwa hiyo ili nile ilibidi kwanza nisome.

"Soma, kijana," akasema.

Ucheshi wenyewe uko hapa: mimi namzidi mke wangu nusu mwaka. Ukoo mzima unajua. Yeye mwenyewe alikuwa akiniita mzee tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, wakati huo hata mvi moja sina. Lakini mke wangu alizaliwa hospitali, mjini, akaandikwa siku hiyohiyo. Mimi nilizaliwa Singida ndani ndani, na aliyeniandika alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kipimo alichotumia kilikuwa mkono wangu wa kulia.

Watu wa rika langu wanakijua kipimo hicho. Siku ya kuandikishwa shule mnapanga mstari mlangoni. Kila mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa na kujaribu kushika sikio la upande wa pili. Ukilishika, una miaka saba, ingia. Usipolishika, rudi nyumbani ukakue. Sasa mimi Mungu alinipa mikono mifupi na kichwa kikubwa, kichwa ambacho baadaye kilionekana hakikuwa na vitu vingi ndani, lakini kwa nje kilichukua nafasi. Nilirudishwa mwaka wa kwanza. Nikarudishwa wa pili. Nikarudishwa wa tatu, nikiwa nimeshaanza kuchunga ng'ombe kama watu wazima. Mwaka uliofuata vidole vikagusa, mwalimu akaandika kwamba nina miaka saba, kwa sababu mkono ndivyo ulivyosema. Nilikuwa na kumi.

Hiyo saba ikanifuata. Ikaingia kwenye cheti cha shule, kwenye pasipoti, ikapanda ndege na mimi kuja kwenye mafunzo ya uchomeleaji, mafunzo ambayo nayo niliyaacha njiani, na mwisho ikawa namba. Hapa kila mtu ana namba yake, na namba inaanza na siku uliyozaliwa. Bila hiyo namba hata kadi ya maktaba hupati. Na wanaotunza hizo namba, yaani wenye daftari la nani amezaliwa lini, ni haohao watu wa kodi. Kwa hiyo anayekukata ndiye anayejua umri wako. Mimi kwao nilikuwa na sitini na nne. Kwa mama yangu, kama angekuwa hai, sitini na saba.

Miaka yote hiyo halikunisumbua. Watu walikuwa wakiniambia nimechakaa kuliko umri wangu, nami nacheka, najua siri. Lilikuja kunisumbua pale magoti yangu yalipokataa ngazi.

Kazi yangu ni mhudumu wa shule hapa Tensta. Usifikirie chaki, mimi ni mtu wa funguo, taa, viti na vyoo vilivyoziba. Asubuhi nafungua milango, nikimaliza naburuza madawati, napiga magoti kukaza skrubu chini ya viti, nasimama, napiga magoti kubandua ubani uliotafunwa, nasimama. Na shule ina ghorofa, na lifti yake ni mgonjwa kuliko mimi. Mwaka jana ilifika mahali nikipiga magoti nabaki pale kwanza nikifikiria namna ya kurudi juu. Watoto wa shule wananiita babu. Mmoja alinishika mkono kunivusha barabara, na mimi ndiye niliyekuwa nimevaa koti la kung'aa la kuwavusha wao.

Daktari alisema magoti hayo yanaweza kunivumilia nusu siku, siku nzima yatagoma. Bosi wangu, mwanamke mwema mwenye umri wa binti yangu, akasema nusu kazi ipo kuanzia mwaka mpya, ameshapata wa kuchukua ile nusu nyingine, ila nimjibu kabla ya Krismasi. Nikaenda nyumbani nikicheka peke yangu kwenye basi. Nusu kazi maana yake saa za chakula cha mchana niko kwangu.

Binti yangu ndiye aliyenikatiza kicheko. Yeye anafanya kazi ya hesabu kwenye kampuni moja mjini, na ukimwuliza kwa Kiswahili anajibu kwa Kiswidi, lakini kwenye hela anajibu taratibu mtu yeyote aelewe. Kama kwa karatasi ningekuwa na sitini na saba, alisema, ningekuwa na nusu mshahara, na pensheni juu yake, vyote vikikatwa kidogo, tungeishi vizuri tu. Lakini kwa sitini na nne unafuu haupo. Na pensheni nikiichukua mapema, inakatwa kuliko hata mshahara wenyewe. Nusu mshahara peke yake haulipi pango la nyumba yetu. Akanionea huruma akanipigapiga begani, akasema kwa Kiswidi kwamba ni miaka miwili tu, baba, vumilia.

Miaka miwili. Magoti yangu hayakuwa na hata miezi miwili.

Basi nikaamua kurudishiwa miaka yangu. Si kwamba naiba, nasema nirudishiwe iliyo yangu, ile mwalimu aliyoniacha nayo nje ya mlango. Nikampigia mdogo wangu wa kike, anayenifuata kwa kuzaliwa. Huyo alizaliwa kwenye zahanati ya wamisheni na akaandikiwa kadi yenye tarehe. Kwa hiyo kwa karatasi yeye ni dada yangu mkubwa, ananizidi miezi minne. Yaani mama yetu, Mungu amrehemu, kwa mujibu wa serikali alijifungua mara mbili ndani ya miezi minne na bado akawahi kulima. Nikaona huo ndio ushahidi wa kumaliza kesi. Dada akanitumia picha ya kadi kwenye simu, akaongeza ujumbe wa sauti kwamba nifanye yangu yote huko Ulaya lakini nisiuguse umri wake, maana yeye anavuta mafao na hataki kuanza upya.

Nilibakiza shahidi wa mdomo. Na shahidi nilikuwa naye: rafiki yangu wa Jakobsberg, mtu wa kijiji changu, tumezaliwa msimu mmoja wa mavuno, tumekuja Sweden kwenye ndege moja. Alipoanza darasa la kwanza yeye, mimi nilikuwa dirishani namchungulia. Mikono yake ilikuwa mirefu, alipita siku ya kwanza.

Nilichosahau ni kwamba na yeye ana umri wa karatasi. Tena wa kwake haukukatwa na mwalimu, aliukata mwenyewe akiwa mtu mzima, ili aingie kwenye yale mafunzo, maana yalikuwa na kikomo cha umri. Na kwa kuwa kisu kilikuwa mkononi mwake, alikata kipande kizuri. Kwa karatasi alikuwa na sitini. Tulikuwa tumetoka kumsherehekea hiyo sitini majira ya kuchipua, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa keki ya ghorofa mbili. Mke wake, Mkenya mmoja mchangamfu aliyemwoa huku huku, ndiye aliyeandaa kila kitu. Mimi nilikuwa pale, nilipiga makofi, nilikula keki, na nilimwona rafiki yangu akihangaika kuzima mishumaa kwa pumzi ya mtu wa sitini na saba.

Nikapanda basi hadi Spånga, nikapanda treni hadi Jakobsberg. Shemeji alikuwa jikoni anasukuma chapati, akanikaribisha kwa sauti, akaniuliza habari za magoti. Nilipoanza tu kueleza kilichonileta, rafiki yangu akanishika kiwiko akanipeleka roshani akafunga mlango wa kioo nyuma yetu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mimi nilikuwa na soksi, yeye na ndala.

"Unataka niseme nini hasa?" akaniuliza.

"Useme ukweli tu. Kwamba tumekua pamoja, na mimi na wewe ni sawa."

"Haya. Wewe utawaambia una ngapi?"

"Sitini na saba."

"Na kama mimi na wewe ni sawa, mimi nina ngapi?"

"Sitini na saba."

"Punguza sauti, bwana."

Tukageuka wote kutazama ndani. Shemeji alitupungia mkono wenye unga.

Nilimbembeleza kwa muda ambao miguu yangu iliuona mrefu. Nikamwambia afikirie na yeye mwenyewe: yuko kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, ananyanyua mafurushi yaliyolowa, na kwa ile sitini yake atanyanyua hadi aingie nayo kaburini. Kama wangenisahihisha mimi, njia ingekuwa imefunguka, na yeye angefuata. Apunguziwe kodi, apumzishe mgongo. Nikamwona anapiga hesabu kwa midomo. Kisha akatazama tena ndani, hesabu ikasimama. Akasema hapana, samahani ndugu yangu, yeye ana ndoa.

Nikala chapati zangu nikarudi Tensta. Sikumlaumu. Mke wangu alipoyasikia alicheka hadi akakaa chini, akasema wanaume wa kijiji chenu, mmoja alikatwa na mwalimu, mwingine alijikata mwenyewe, sasa mnatafuta nani wa kuwaunga.

Siku chache baadaye rafiki yangu akapiga simu, anaongea kama mtu aliyejifungia chooni, na nadhani alikuwa chooni kweli. Alikuwa ameinua furushi moja kazini mgongo ukamwita kwa jina. Atakuja. Sharti moja: mke wake asijue. Atamwambia anakuja kunisaidia lugha.

Sasa sikiliza akili za huyu mwenzangu. Kati yao wawili mwenye leseni na gari ni mke. Ametaka mke asijue, na amemwomba mke ampeleke. Na siku yenyewe ilikuwa baridi ya kukatisha masikio, basi shemeji akasema hawezi kukaa kwenye gari kama mzigo, akaingia na sisi ofisini kwa watu wa kodi, akakaa kwenye viti vya wanaosubiri, akatoa simu yake.

Aliyetuhudumia alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, mpole, anaongea Kiswidi polepole kwa ajili yangu hadi nikaona aibu. Nikamweleza habari zote kuanzia mlangoni mwa darasa. Nilipofika kwenye mkono na sikio akasimamisha kalamu, akaniomba nimwonyeshe. Nikasimama, mbele za watu, nikapitisha mkono juu ya kichwa. Bahati mbaya kwa umri huu na bega langu lilivyo, sikio halikushikika tena. Mama mmoja wa Kisomali kwenye foleni nyuma yangu akaanza kucheka, akainua mkono wake mwenyewe juu ya mtandio akashika la kwake bila shida, akanitazama kama anayesema pole. Yule kijana naye akajaribu, kwa haraka, akijifanya anakuna kichwa. La kwake lilishikika. Nikamwambia hongera, ingia darasani. Akacheka, kisha akajikaza, akarudi kuwa serikali.

Nikampa simu yenye picha ya kadi ya dada. Akaisoma kwa makini kabisa. Akahesabu ile miezi minne, akahesabu tena, akaniuliza kama ni mama mmoja. Nikasema mama mmoja. Nikajua nimeshinda.

"Hii inaonyesha kwamba mmoja wenu tarehe yake si sahihi," akasema. "Haionyeshi ni nani."

Nikamtazama rafiki yangu. Ilikuwa zamu yake.

Alisogea kwenye dirisha kama anayeenda kuchomwa sindano. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ananifahamu tangu utoto na sisi ni rika moja. Kijana hakusikia, akamwomba arudie. Akarudia kwa sauti ndogo ileile. Kijana akamuuliza, basi mzee wangu, wewe una miaka mingapi. Rafiki yangu akageuka kumwangalia mkewe, mkewe yuko kwenye simu yake anatabasamu na mambo yake. Akavuta pumzi, akasema kwa Kiswidi safi, na kwa sababu sikio lake moja limekufa kwa mashine za kufulia, alichokiona yeye ni kunong'ona kilikuwa tangazo la stesheni: sitini na saba.

Shemeji akainua kichwa.

Kijana akaandika namba ya rafiki yangu kwenye kompyuta yake, akasoma, akasoma tena, na akatueleza kwa heshima zote. Neno la rafiki pekee halitoshi kubadili tarehe ya kuzaliwa, wanahitaji karatasi ya zamani inayonihusu mimi mwenyewe, kutoka wakati nilipozaliwa. Na shahidi wangu kwa daftari lao ana sitini, kwa hiyo anachosaidia kuthibitisha ni kwamba mimi ni mdogo zaidi ya ninavyosema. Kisha, kwa nia njema kabisa, akamuuliza rafiki yangu kama na yeye angependa waanze kuchunguza umri wake.

Rafiki yangu akasema hapana, asante, kwa leo inatosha.

Kwenye gari nilikaa nyuma. Shemeji aliendesha, tukapita taa ya kwanza, tukapita ya pili. Ya tatu ilikuwa nyekundu.

"Kwa hivyo ile keki," akasema.

"Mama, hayo yalikuwa mambo ya chuo," rafiki yangu akaanza.

"Chuo ulimaliza kabla nikujue. Mimi nimepika pilau ya watu themanini kwa sababu ya sitini yako. Nimelia kwa hotuba. Nilisema Mungu amekulinda sitini." Akanitafuta kwenye kioo. "Na wewe shemeji ulikuwa pale. Ulikula vipande vitatu."

Nikasema ilikuwa keki nzuri sana.

Taa ikawa ya kijani na yeye hakuondoka, hadi wa nyuma wakapiga honi. Nilipoinama kumtazama usoni nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, na kumbe mwanamke anacheka, anacheka hadi machozi yanamzuia kuona barabara. Alisema siku zote amekuwa akijiuliza inakuwaje mtu wa miaka hamsini na kitu anatafuta miwani akiwa ameivaa. Alianza hata kuogopa ni ugonjwa. Alimwombea. Kumbe ni uzee tu, wa kawaida, wa siku zote.

Lakini msamaha wake ulikuja na masharti. Jumapili rafiki yangu alikuwa akicheza mpira na vijana wa Akalla, sasa marufuku. Anapimwa presha kila asubuhi. Uji wa shayiri bila sukari, na kulala mapema. Nyumbani amezeeka kwa mkupuo mmoja, na kwa watu wa kodi bado ni kijana anayedaiwa miaka ya kufua mashuka. Amekula hasara pande zote, na alipata hasara hiyo akinisaidia mimi. Nimemwomba radhi. Akasema zamani alikuwa akiamka asubuhi akikumbuka kwanza ana ngapi ndipo aseme habari za asubuhi, sasa anaamka tu.

Mimi nilirudi nyumbani na sitini na nne yangu mfukoni. Krismasi ilikuwa karibu, bosi anangoja jibu. Nilimkuta mke wangu amekaa jikoni anamenya viazi, nikamweleza yote, nikiyatilia chumvi sehemu ya sikio. Safari hii alicheka kidogo tu.

Lazima niseme kitu hapa. Mke wangu alikuwa na mpango wake. Mwaka mpya ukifika alitaka kuacha kabisa ile kazi ya kuitwa. Miaka yote ameinua wazee wa watu, amewaogesha, amewageuza vitandani, alikuwa amechoka mwili na masikio. Alikuwa ameshachagua hadi kipande cha bustani kule Akalla, kile wanachokodisha kwa wakazi, apande mchicha na kuamka saa anayotaka. Tulikuwa tumepanga hivi: mimi nusu kazi na pensheni, yeye apumzike. Wote wawili wazee, kwa karatasi na kwa mwili.

Akamenya kiazi hadi mwisho, akakiweka kwenye maji.

"Mwambie bosi wako ndiyo," akasema.

Nikamkumbusha kuhusu pango la nyumba.

"Mimi nikifanya kazi wananikata kidogo. Wewe ukifanya wanakukata sana. Sasa kati yangu na wewe, nani ana faida akienda kazini?"

"Wewe ulitaka kupumzika."

"Nitapumzika ukikua."

Nikasema kitu cha kijinga, kwamba watu wa kanisani watasema ninalelewa na mke. Akasema watasema unalelewa na mwanamke mzee mwenye unafuu wa kodi, na wanaume wenzako watakuonea wivu. Nikasema mchicha je. Akasema mchicha unapandwa mwezi wa tano, na mchana wewe utakuwa huna kazi, jembe lina mpini mrefu, halihitaji magoti. Alikuwa ameshalifikiria lote. Nadhani alilifikiria tangu ile siku aliponiwekea karatasi kwenye sahani, na aliniacha nizunguke zangu Jakobsberg na maofisini kwa sababu alijua nisipozunguka mwenyewe sitakubali.

Sikusema asante. Sisi wa kwetu hatujafundishwa kumwambia mke asante, nalo ni somo jingine lililonipita nikiwa nje ya mlango. Nilichukua kisu nikamsaidia viazi, nikavimenya vibaya, nusu ya kiazi inaenda na ganda, na yeye akaniacha niendelee.

Kesho yake nikamwambia bosi ndiyo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ukanikuta mwenye nusu kazi. Siku ya kwanza nilitoka shuleni jua bado liko juu, jua la hapa la majira ya baridi lililolala kama limevunjika mgongo, lakini liko. Nilikuwa nimesahau Tensta inafananaje mchana siku ya kazi. Nikanunua samaki. Nikapika wali na samaki wa nazi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikapika chakula kizima mwenyewe bila kuitwa. Wali ulishika chini kidogo. Juu ulikuwa mzuri.

Alirudi saa za jioni, amefanya zamu ndefu, mtu mmoja alikuwa ameumwa huko kazini wakamwomba abaki. Aliingia akanusa hewa, akasema, "Kijana amepika." Akakaa kwenye kiti cha mlangoni avue viatu vya theluji, lakini hakuinama. Alibaki hivyo, kichwa kimeegemea makoti, macho amefumba, na mikono juu ya mapaja.

Nikapiga magoti mbele yake. Nilishuka kwa awamu, nikishika ukuta. Nikamfungua kamba, kiatu cha kwanza, cha pili, nikamvua na soksi zilizolowa, nikamsugua vidole. Hakufumbua macho. Aliniuliza tu, wali umeungua?

"Kidogo," nikasema.

"Na wewe utasimamaje hapo?"

Nikamwambia sijui, tungoje kwanza. Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, hiki kikubwa, tukangoja.